Spika za Mgongo Wazi

S.L.P. 418,
Bungoma.
14 Aprili, 2024.

Mpendwa shemeji Wamalwa,

Nakusalimu kutoka Mabanga, wewe pamoja na mama watoto na hao vijana ambao naambiwa sasa wananipita kwa urefu. Mko wazima? Kile kifua chako na baridi ya huko Saskatoon, kimetulia? Sisi tunaendelea. Mvua imeshuka, mahindi yamechipuka. Shamba la chini nimewaachia majirani walime tugawane mavuno, kwa sababu nguvu ya kushika jembe sina tena.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi. Kwenye simu laini hukatika kila tukifika penye maneno, na tena dada yako Phelista huwa ameketi karibu nami, na masikio yake hayakuguswa na ugonjwa. Kuna mambo siwezi kuyasema akisikia.

Nimechoka, shemeji. Najua dada yako wa Saboti, Nasambu, amekwisha kukuambia kwa njia yake, lakini acha usikie kwangu pia. Tangu Phelista apatwe na kiharusi mwaka jana, mimi ndiye namwosha, namvisha, namlisha, namgeuza kitandani. Binti yetu Vivian huja kutoka Nakuru akipata ruhusa kazini, na Viola wa jirani hunisaidia kufua. Mengine yote ni mikono hii. Kuna siku nimetembea hadi dukani na shati nimelivaa kinyume, nikarudi, nikaja kujua jioni. Kwa hiyo wewe na Nasambu mliposema ati Phelista apelekwe Saboti akakae kwa dada yake, sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu moyoni nilikuwa nusu nimekubali.

Lakini kazi siyo iliyoniumiza zaidi. Ni ukimya. Unamjua dada yako. Miaka yote aliyofundisha kwaya ya kanisa, nyumba hii haikukosa sauti. Sasa mdomo unafunguka na neno halitoki. Daktari alituambia tumwongeleshe na tumpigie nyimbo alizozizoea. Nikampigia nyimbo za kwaya yake kwenye simu. Alisikiliza kidogo, kisha akaisukuma kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, ikaanguka. Nikajaribu redio, ikawa vilevile. Soprano unawasikia, wengine wote wamezama. Mtu aliyeishi katikati ya sauti nne umpe moja, ataridhika kweli?

Ndipo nikasema nitamtengenezea spika mwenyewe. Nimefundisha useremala miaka mingi, boksi halinishindi. Ila vile vya kutia ndani, koni na sumaku, nilikuwa sijui lolote.

Nilienda dukani kwa Lalit, mjini Bungoma. Akaniwekea mezani spika ya inchi kumi na mbili, nzito kama jiwe la kusagia.

"Mzee, hii itaamsha mtaa mzima."

"Sitaki kuamsha mtaa, Lalit. Nataka mama Vivian asikie kwaya."

"Kwaya pia itasikika, si ni muziki tu? Chukua."

Nikachukua mbili, na twita mbili za bati za kutoa sauti za juu, na amplifaya ndogo ya kuziunganisha na simu. Nikajenga maboksi makubwa ya plaiwudi nene, nikayaachia tundu la hewa mbele kama nilivyoona vijana wa disko wakifanya. Siku ya kuwasha, besi ilipiga mpaka dari ikatetemeka na vikombe vikahama kabatini. Phelista alifunika sikio moja kwa ule mkono wake mmoja. La pili likabaki wazi, hakuwa na cha kulizibia, na machozi yakamtoka. Nilizima, nikaketi sakafuni. Viola alikuja mbio akifikiri paa limeanguka.

Chumba chetu unakijua. Ni kidogo, kuta za simiti, bati juu. Spika kubwa hivyo inataka uwanja. Lalit, nisimseme vibaya, alizipokea tena akanipa za inchi sita na nusu, nikajenga maboksi mengine. Hizo nazo, kila palipokuwa na "s" kwenye wimbo ilitoka kama mafuta yakikaanga, kwa sababu ya zile twita za bati. Safari hii Phelista hakulia. Aligeuza uso ukutani tu, na hilo liliniuma kuliko machozi.

Wiki hiyo ndiyo Nasambu alikuja kuona hali. Akakuta sebule imejaa vumbi la mbao, vyombo havijaoshwa, nami napiga randa.

"Baba Vivian, dada yangu anahitaji mtu, na wewe unacheza na maspika?"

"Sichezi."

"Sasa hii ni nini, bana? Jumamosi ijayo nakuja na gari. Nitamchukua."

Nilimpa chai, nikamsindikiza hadi barabarani.

Katikati ya juma nilienda Kitale kutafuta dawa ambayo huku ilikuwa imeisha, nikapitia kwa mzee Harbans anayetengeneza redio. Alikuwa na spika mbili alizozitoa kwenye redio ya zamani, zile redio zilizokuwa kubwa kama kabati. Inchi nane, koni ya karatasi nyepesi, na hazihitaji twita. Moja inaimba yote, chini na juu. Nilizipenda kwa hilo. Harbans akanishauri nizifunge kwenye boksi lisilopitisha hewa hata kidogo. "Lakini sikuahidi kitu," akasema. "Jaribu tu."

Nikajaribu. Niliziba kila upenyo kwa gundi, nikajaza pamba ndani. Ilikuwa karibu, shemeji, karibu sana, ila ni kama waimbaji wamevishwa debe kichwani. Phelista alingoja mpaka ubeti ukaisha, halafu akatikisa kichwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya gari la Nasambu, nilifungua ubao wa nyuma nitoe ile pamba. Nikaitoa. Kisha bisibisi ikaniponyoka, ikabingirika chini ya kochi, na mimi nikakosa nguvu ya kuinama. Ni hivyo tu, usije ukadhani nilikuwa na wazo la kifundi. Niliacha migongo wazi, nikawasha muziki ili nyumba isiwe kimya.

Sauti ikatoka mbele na nyuma, ikaenea chumbani kama watu wameingia na kujipanga ukutani. Alto hawa, besi wale. Hata pumzi wanayovuta kabla ya kiitikio niliisikia. Nilimtazama dada yako. Mkono wa kushoto ulitoka kwenye blanketi, vidole vikaanza kuhesabu mapigo. Halafu akakunja uso, ile sura yake ya siku za mazoezi ambayo wanakwaya wote waliiogopa, akasema kwa taabu lakini wazi:

"Wanavuta."

Ati wanavuta! Wanauchelewesha wimbo. Na ni kweli, tena wanavuta sana kwenye ubeti wa tatu. Nilicheka, shemeji, nikacheka mpaka nikalia.

Asubuhi yake nilitupa maboksi nje, nikazifunga zile koni kwenye mbao mbili pana zenye miguu, hakuna boksi tena. Besi ya kutikisa kifua hazina, lakini hapa hakuna anayeihitaji. Nikamwosha Phelista, nikamkalisha, nikawasha, nami nikaketi kwenye kiti kumngoja Nasambu. Usingizi ukanichukua hapohapo.

Nilipoamka nilisikia vyombo vikioshwa jikoni. Nasambu alikuwa amefika zamani. Dereva na gari lake alikuwa amekwisha kuwarudisha Saboti. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha.

"Nilitaka," akasema, macho bado kwenye sufuria. "Nimeingia nikianza kukuita, dada akainua kidole hivi. Akaniambia, 'Mwache. Amechoka.'"

Kwa hiyo nakujibu ulichoniuliza: Phelista haendi Saboti. Nasambu atakuwa anakuja kila wiki, alale siku mbili, nipumzike. Sikudanganyi kwamba amepona. Siku nyingine hasemi neno hata moja, nami naenda kulala mgongo ukiwaka. Ila ukipata likizo, njoo ukae nasi. Usilete kitu, njoo wewe mwenyewe.

Nisalimie mkeo na vijana. Nasambu, Viola na Vivian wote wanakutakia heri. Dada yako nilimwambia nakuandikia, akaigusa karatasi hii hapa pembeni, ndiyo maana imekunjika. Mungu wetu akulinde na baridi, akufikishe nyumbani tukiwa bado tupo sote.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye daima,

Bethwel Wekoye