Kunywa, Ami

Jumamosi, 2 Machi

Sitatia saini. Nimemwambia Waziri Mkuu mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Akanisukumia karatasi tena, pole pole, kama anayembembeleza mgonjwa ale uji.

Jirani zetu wamefunga mpaka. Malori ya nyanya yanaoza barabarani. Watafungua tukiwarudishia mtu mmoja tu – Saadun. Na karatasi inataka saini ya waziri wa mambo ya nje. Yaani mimi.

Miaka sita iliyopita nilikuwa balozi huko kwao. Saadun, mpiga chapa, aliingia ubalozini kwa mlango wa jikoni, vidole vyeusi kwa wino, askari nyuma yake. Kosa lake gazeti. Nikamwambia neno ambalo kwetu mtu halitamki kwa mzaha: uko usoni mwangu. Basi. Atakayemgusa amenipiga kofi mimi. Nikampakia garini mwangu, bendera inapepea mbele, nikamvusha mpaka mwenyewe. Leo ana mke, mabinti wawili, na kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko la mboga. Nimrudishe wakamnyonge? Ng'o!

Jumapili, 3 Machi

Wiki ya kazi imeanza, na gari la wizara halikuja. Dereva kapigiwa simu asije. Nimekwenda kazini kwa miguu, mvua ya baridi, kilima chote kile. Mke wangu, Umm Ghaith, kacheka mlangoni: afadhali, eti kitambi kitapungua, yeye kashindwa miaka ishirini. Mwanamke huyu! Lakini alinifunga skafu mwenyewe.

Jumatatu, 4 Machi

Kaja Rakan, katibu wa Baraza la Mawaziri. Suti nzuri, sauti ya asali.

"Mheshimiwa, kuna ubalozi Ulaya. Nchi ya ziwa, hewa safi. Upumzike."

"Nimekula jibini lao miaka kumi," nikamwambia. "Limenitosha."

Akasema watu wanauliza, mtu mmoja ni nini mbele ya wakulima wote wale. Nikamwambia nchi inayouza mgeni wake kwa nyanya, kesho itamuuza na mkulima. Akaandika kwenye kidaftari chake. Nikamtajia herufi moja moja, asije akakosea.

Jumanne, 5 Machi

Saadun amekuja mwenyewe. Anataka ajisalimishe, eti asiniharibie kazi. Nimemfokea mpaka majirani wamefungua madirisha. Kazi yangu! Nani kamwomba ailinde? Nimemrudisha kwa wanawe. Njiani alikuwa analia. Na mimi pia, kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Wameniweza. Kesho wanaleta ujumbe wa wazee, watu arobaini, na kiongozi wao ni Hajj Mithqal – ami yangu, aliyenilea baba alipokufa. Rakan kamfuata hadi Karak, kwenye ukoo wetu. Kamwambia nini? Pengine kwamba nimepotoka, anirudishe njiani.

Kwa mila yetu, ataweka finjani ya kahawa chini, hatainywa. Atasema haja yake. Nikimwambia "kunywa", nimekubali, na neno halirudi. Nikinyamaza, ataondoka na kahawa imelala mbele yake. Mara ya mwisho jambo hilo kutokea kwenye ukoo wetu nilikuwa sijazaliwa, na nyumba mbili zilizohusika hazijaoana mpaka leo.

Umm Ghaith anauliza achemshe kahawa ya watu wangapi. Nikamwambia arobaini. Waje. Nitanyamaza. Mimi nimenyamaza mbele ya majenerali.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika haraka. Wako sebuleni, ukuta mmoja tu kati yetu.

Walikuja baada ya alasiri. Ami kapungua sana – nilipombusu bega nilikuta mfupa mtupu. Kahawa ikamiminwa. Akaweka finjani chini. Akasema: "Mwanangu, tumekuja kuomba saini yako." Hakunitazama.

Nikanyamaza. Nilikuwa nanyamaza vizuri! Rakan anatoa jasho, wazee wanahesabu tasbihi. Dakika mbili, tatu.

Kisha ami akaanza kukohoa. Kikohozi kibaya, cha kifuani, uso ukambadilika rangi. Akawa anatafuta hewa. Na mimi, balozi wa miaka ishirini, niliyepima kila neno mbele ya wafalme – nikapiga magoti, nikaichukua finjani, nikamtilia mkononi.

"Kunywa, ami. Kunywa."

Chumba kizima kikasimama. Wote wananipigia kelele: Mungu akubariki, Abu Ghaith! Mtoto wa wenyewe! Rakan keshatandaza karatasi mezani. Mpumbavu mimi! Mpumbavu! Nikasema naenda kuchukua kalamu.

Ndiyo hii ninayoandikia.

Neno nimelitamka, watu arobaini wamelisikia. Nikilikana, mimi ni mwongo na ami ameaibika. Nikilishika, Saadun amekufa. Nimekaa hapa naandika kama mwanafunzi aliyefungiwa darasani.

Umm Ghaith ameingia sasa hivi.

"Hajanywa," kasema.

"Nani?"

"Ami yako. Bado anakohoa, kashika finjani tu. Nimempa maji, kayakataa. Rakan anamwambia anywe, Hajj, jambo limekwisha. Ami kamjibu kwamba aliyesema 'kunywa' alikuwa mtoto anayemnywesha baba yake dawa. Eti waziri bado hajasema kitu. Anamngoja waziri."

Namsikia. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Mzee wa miaka themanini na mbili, kahawa iko sentimita chache kutoka mdomoni mwake, na hainywi. Wamemleta anivunje, naye ananifungulia mlango.

Nakwenda. Nitaipokea finjani kutoka mkononi mwake, mbele yao wote, na nitasema hapana kwa sauti, ili hata walioketi uani wasikie. Karak watanifuta. Acha wanifute. Umm Ghaith kasimama mlangoni, ananyoosha mkono nimpe kalamu, nisije nikatoka nayo