Uji wa Ndimu Haumo Kitabuni

Rafiki yangu Yustina,

Leo nimemaliza kusoma nusu yako.

Unaijua. Ile riwaya ya kidato cha nne, ambayo mwalimu wetu pale Korogwe aliipasua katikati kwa wembe kwa sababu nakala zilikuwa chache na wasichana tele. Kila wawili kitabu kimoja: mmoja asome mwanzo, mwenzake mwisho, kisha wabadilishane. Tulishona nusu zetu kwa uzi wa gunia. Mimi nikapata mwanzo, msichana anamuuguza mama yake. Wewe ukapata mwisho.

Hatukubadilishana. Darasa lilipojadili sura za mwisho, mimi nilikuwa wodini na mama yangu. Niliporudi bwenini nikakuomba nusu yako, ukasema imeazimwa, utanisimulia. Ukanisimulia tukifua, povu hadi viwikoni. Mama anapona, ukasema. Anaamka alfajiri, anadai uji, tena wenye ndimu.

"Ndimu tena?"

"Sasa mgonjwa akitaka ndimu utamnyima, we Mzigua?"

Nilicheka mpaka nikaangusha sabuni. Sikuwa nimecheka tangu mama alazwe. Jumamosi ile nikampelekea uji wa ndimu, nikamwambia anywe tu, kitabuni wanapona.

Kabla ya mtihani ukanishika mkono. "Swali la riwaya liruke. Jibu ushairi." Nikauliza kwa nini. "Kwa mwandiko wako huo? Utawaua wasahihishaji." Nilinuna, lakini nilikutii.

Sasa nafundisha Handeni, na riwaya ile imerudi darasani. Safari hii ni kitabu kizima. Miaka yote hii nimesoma vingi, hicho nilikihesabu nimekimaliza. Leo wanafunzi walipoondoka nikabaki peke yangu ofisini, nikavuka pale wembe ulipopita.

Mama haponi, Yustina. Anakufa, na kuna sura nzima ya maziko yake. Nikafunua mbele, nikarudi nyuma, natafuta uji. Haumo. Ule ulikuwa uji wa mama yako, wa kwenu Lutindi, aliotupikia likizo ile niliposhikwa na homa.

Nikachukua simu nikupigie nikutukane. Namba yako bado ninayo. Kidole kilishafika kwenye jina ndipo nikakumbuka.

Mama yangu ni mzima. Yuko Mkata, anawauzia abiria wa mabasi mahindi ya kuchoma, na bado akikutaja kwangu husema "yule Msambaa wako." Alipona kweli, ukaondoka wewe. Sijui nimdai nani maelezo. Hapa walimu wenzangu ni watu wema, ila nikisoma mahali pazuri nageuka kando kumwambia mtu, na kando hapana mtu. Siku hizi nasoma nikiwa nimefumba mdomo. Wewe hukuwahi kuniacha nisome hivyo.

Ulipozikwa sikufika. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kupanda kwenu, nikalala Korogwe, asubuhi nikaambiwa wameshamaliza. Nikageuza. Tangu hapo sijapanda Lutindi, hata kumpa mama yako mkono wa pole. Nilijiambia kwamba nisichokiona hakijaisha. Kumbe nimekuwa nikiishi na nusu ya kwanza tu, na safari hii hakuna wa kunitungia mwisho.

Ulijua mwisho ule peke yako, ukaubeba peke yako mpaka mtihani ukapita, ukinitania. Ningependa kukuuliza kama ulikuwa mzito. Ningependa kukuuliza mengi.

Kesho nina kipindi. Sura ya maziko nitawasomea wanafunzi kwa sauti, nikiwa nimesimama, na sitaruka hata mstari mmoja. Na Jumamosi napanda. Nitamwamkia mama yako, nitafika ulipolala, nitakaa. Kisha nitarudi jikoni kwake nimwombe uji, na akiuliza wa namna gani, nitamwambia wenye ndimu.

Pumzika, Msambaa wangu. Nusu yako nimeisoma, naitunza.

Mzigua wako.