Kicheko cha Nahodha

Jumatatu, 3 Machi

Maoni ya wachezaji yameanza kumiminika. Gemu letu la maharamia, Nanga Saba, lilitoka wiki iliyopita, na leo ofisini hakuna aliyefanya kazi. Watu wanasomeana simu tu. Bahari inasifiwa. Mapigano ya meli yanasifiwa — mizinga, moshi, mlingoti ukivunjika unausikia mpaka kwenye meno. Ramani ya hazina inayolowa na kufutika ukiisahau kwenye mvua, hiyo ndiyo wameipenda kabisa. Sawa. Wachoraji wetu wanastahili, walikesha.

Lawama nazo zipo. Kisiwa cha pili ni kutumwatumwa tu: kalete kamba, kalete pipa, nenda kwa mpishi, mpishi anakurudisha kwenye kamba. Ukipigana chumbani kamera inaingia ukutani. Na mwisho! Kila mtu anaulalamikia mwisho. Nahodha anawatelekeza mabaharia wake kisiwani, anaondoka na mashua na maji yote ya kunywa, halafu anarudi na wanampokea kwa nyimbo kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Mmoja kaandika kwamba alizima akaenda kulala na hasira zake.

Mazungumzo yote ya gemu niliandika mimi, kwa hiyo hayo masuto ni yangu. Lakini msamaha niliuandika! Ukurasa mzima. Siku ya kurekodi yeye akaukataa, akasema nahodha haombi radhi. Bosi Miwani akacheka, akakubali.

Yeye ni baba. Sauti ya nahodha ni ya baba yangu mzazi. Na hiyo ndiyo inayosifiwa kuliko vyote, hasa kile kicheko anachofungia kila sentensi. Wapo waliokiweka kiwe mlio wa simu. Miaka yote hiyo alinadi fanicha kwa kipaza sauti na hakuna aliyemwita msanii. Leo msanii. Tulimaliza kurekodi, akafungasha nguo zake mchana mama yuko kazini, akaingia mitini. Na mitini kwenyewe si mbali. Mtaa wa pili, kwa mwenye saluni.

Jumatano, 5 Machi

Sijui niandike hili au niache.

Bosi alitaka kila mtu apitie sehemu yake akiwa nyumbani, atafute makosa. Nikakaa sebuleni na kompyuta, hedifoni masikioni. Nikauacha mchezo bandarini nijibu simu. Sasa, ukisimama bandarini bila kufanya kitu, nahodha anakuharakisha. Hayo maneno hayakuandikwa na mtu, baba alijisemea tu kwenye maiki siku ile. Na mimi kwa kuinuka ovyo nikauchomoa waya wa hedifoni. Sauti ikatoka nyumba nzima: "Wewe! Bado umesimama tu hapo? Nani kasema nina siku nzima?" Halafu kicheko.

Mama akatoka jikoni mbio. Alikuwa ameshavua aproni. Mkono mmoja unarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Amekuja?"

Nikamwonyesha kompyuta. Akaitazama. Akasema aa, ni gemu lako. Akarudi jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo niliviosha mimi mchana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Namchukia baba! Nimeandika, basi.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Bosi Miwani anasema tutatoa apdeti: kamera irekebishwe, safari za kisiwa cha pili zipunguzwe, na mwisho ubadilishwe. Nahodha aombe msamaha. Anasema utafikiri wazo ni lake. Kisha akanigeukia, akavua miwani, na akivua miwani ujue kuna la kukubebesha. Mzee hapokei simu zake, kwa hiyo niende mimi nikamlete. "Si babako?"

Nikamwambia apeleke mtu mwingine. Akaniuliza kama nataka gemu life. Wenzangu wote wakatazama meza. Wana watoto, wana kodi za nyumba, na apdeti hii ndiyo itakayoamua kama tutatengeneza sehemu ya pili au tutatawanyika kila mtu na njia yake. Nikasema nitakwenda. Ndiyo faida ya kuwa mpole, unageuzwa punda wa ofisi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka huko.

Mwenye saluni ndiye aliyefungua. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Akaniletea chai na mto wa kuegemea, nikakosa hata pa kuanzia kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na shetani, nikakutana na mama mmoja mnene mwenye mafua.

Baba yuko kwenye kiti, ndala miguuni, kanawiri. Maoni ya wachezaji anayajua kwa moyo. Akanisomea yale yanayomsifu, moja baada ya jingine, na kila akimaliza moja anacheka kinahodha, na yule mama naye anacheka. Nikamwambia kuna wanaoulaumu mwisho. Akasema hao ni watoto. Nikamwambia ni wengi.

"Kwani wanataka nini?"

"Wanataka umuombe mtu msamaha, baba."

Akatazama chai yake. Akasema si yeye, ni nahodha. Nikasema ndiyo, nahodha. Basi akakubali, Jumanne asubuhi. Sehemu ya pili anaitaka kuliko sisi sote.

Ananisindikiza mlangoni ndipo akakumbuka kuuliza kama mama hajambo. Na kabla sijajibu akacheka. Si kicheko cha furaha, si cha dharau. Kimemtoka tu, kama mtu anavyokohoa. Nikaondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi

Naandika msamaha wa nahodha tangu asubuhi. Ule wa zamani haufai, umejaa dhoruba na nyota. Naandika, nafuta. Kila ninachoandika kinageuka kuwa barua ya baba kwetu. Nikaweka "mlikuwa mkinisubiri mezani", nikafuta — mabaharia gani hao wenye meza?

Mama akaja na nguo za kukunja, akakaa karibu. Akauliza naandika nini. Nikamwambia nahodha anaomba msamaha. Nikamsomea:

"Niliwaacha, na nilijua nawaacha na nini. Sikupotea njia. Sikuzuiwa na mtu. Niliondoka kwa sababu nilitaka kuondoka, na ninyi hamkuwa na kosa."

Alikuwa na shati mkononi, hakulikunja. Nikajuta kumsomea.

"Ni mazuri," akasema. "Ila mwambie akimaliza asicheke."

Nikauliza acheke kwa nini.

"Babako akishasema neno zito hucheka, ili ujue hakulimaanisha. Siku ya kwanza kabisa kuniambia ananipenda alicheka. Nilipomzika mama yangu akaniambia pole, akacheka. Nimeishi na kicheko hicho mimi. Asicheke."

Halafu akakunja shati na kuliweka juu ya mengine. Nikaona ni la baba, lile la mistari alilolisahau. Mama bado analifua.

Jumatatu, 10 Machi

Sina la kuandika. Nimepiga chapa ukurasa. Chini kabisa nimeweka, kwa herufi kubwa: HACHEKI.

Jumanne, 11 Machi

Naandika hapa hapa studio, mgongoni mwa karatasi za mazungumzo. Nitazibandika jioni.

Alifika kwa wakati, amenyoa, amejipulizia manukato. Akamtania fundi wa sauti, akamkumbatia Bosi Miwani, mimi akanishika bega. Akaingia kwenye kile chumba cha kioo, akavaa hedifoni, akausoma ukurasa kwanza kimoyomoyo. Akausoma tena. Nikaona kidole chake kimefika chini, kwenye herufi kubwa, kikabaki hapo.

Taa nyekundu ikawaka, akaanza. Mungu wangu, sauti ile! Mnyonge mnyongeni: fundi vinyweleo vilimsimama, nilimwona akijipapasa mkono. "...na ninyi hamkuwa na kosa." Halafu kicheko.

Nikabonyeza kitufe. "Rudia, baba. Bila kucheka."

Akasema samahani, mazoea. Akarudia. Akacheka. Rudia. Akacheka. Safari nyingine alijiziba mdomo kwa kiganja, kikampenya vidoleni. Bosi Miwani akaninong'oneza kwamba kicheko ndicho watu wanachokipenda, tukiache, gemu ni lile lile. Nikamwambia mwisho huu niliuandika mimi, safari hii haukatwi. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Akavua miwani. Nikamwambia azivae.

Rudia, baba.

Akaivua hedifoni sikio moja. Akanitazama kupitia kioo kwa muda.

"Haya maneno ni ya gemu," akauliza, "au kuna mtu atakayepelekewa?"

Fundi akainama kwenye mitambo yake, akajifanya hamnazo. Ningeweza kusema ni ya gemu. Nilibonyeza kitufe.

"Mama ameyasikia. Kasema ni mazuri. Kasema usicheke."

Akaomba maji. Yuko huko ndani anakunywa. Mnadi fanicha huyu, ambaye hajawahi kukosa neno! Simwonei huruma. Nataka kumwonea, haiji.

Ameweka glasi chini. Amevaa hedifoni. Karatasi ameigeuza, haisomi tena.

Taa imewaka.

"Niliwaacha, na nilijua nawaacha na nini." Pole pole. Hii si sauti ya nahodha. Ni ile ya nyumbani, ya kuulizia funguo ziko wapi. Fundi ananitazama, anauliza kwa ishara kama asimamishe. Nimemkatalia kwa kichwa.

"Sikupotea njia. Sikuzuiwa na mtu."

"...na ninyi hamkuwa na kosa."

Mdomo wake uko wazi. Mabega yamepanda, kama yanavyopanda kabla ya kile kicheko.

Bado hajacheka. Fundi kaacha mtambo unarekodi.

Bado.