Mikaratusi Yangu Kando ya Kisima

Jumanne, jua kali tangu asubuhi. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na aliyechekwa ni mimi.

Lori la kiwanda lilichelewa, kwa hivyo tukakaa na magunia yetu ya majani pale kituo cha kupimia chai, huku kwetu Kapsoit, tukipiga gumzo. Tukafika kwenye habari ya kisima. Nyumba sita tunakitegemea, na siku hizi unasubiri mtungi ujae mpaka usingizi unakushika.

Mzee Arap Koech, jirani yangu, akasema hali ya hewa ilikuwa ikibadilika kabla magari hayajakuwepo. Jua huzidi na kupungua nguvu, volkano hutapika majivu yakaziba mwanga, bahari nazo hupata joto na kupoa. Nilikubali, ni kweli kabisa.

Lakini mimi nikianza kuongea, kunyamaza ni kazi. Nikasimama. Nikaeleza kwamba hayo ya asili peke yake hayatoshi kuleta joto la miaka hii. Ni moshi wa makaa ya mawe na petroli, ni misitu tuliyofyeka, ni hewa chafu inayobaki juu na kutufunika kama blanketi. Nikasema binadamu anapenda kusingizia jua badala ya kujiangalia. Kina mama wakanipigia makofi, nikajiona mbunge.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamalizia kwamba hata kisima chetu kinakauka kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee akakuna kidevu. "Sasa Mama Chebet, na ile mikaratusi yako iko hapo kando ya kisima? Hiyo ni volkano ilipanda?"

Kituo kizima kikaangua kicheko.

Nilijua. Hilo ndilo linaniuma. Huku kila mtu anapanda mikaratusi, kwa kuwa inakua haraka na kiwanda kinataka kuni za kukaushia chai, nasi tunaisukuma kwenye majimaji ambako chai haikubali. Yetu niliipanda na mume wangu, Wesley, wiki moja baada ya harusi. Nimeiona ikinyonya maji yale, na kila mara nimelaumu mvua. Mvua imebadilika kweli, lakini miti ni yangu.

Naipenda sana.

Jioni nilimweleza Wesley. Naye alicheka kwanza, kisha akampigia simu fundi wa msumeno wa mashine. Atakuja Jumamosi, na Mzee amesema atakuja kusaidia kuvuta kamba.

Nikamwomba Wesley tuache mti mmoja tu, wa ukumbusho. Akaniambia ruhusa hiyo nikaiombe kwa mke wa Mzee, anayepanda mlima kutoka kisimani kila asubuhi na mtungi mgongoni.

Sikwenda kuomba. Jumamosi miti inaanguka yote.