Mchezo wa Tengatenga Hapa Vwawa

Vwawa, mahindi yameshaingia ghalani

Kwa mdogo wangu Raheli Nambeye, Ndalambo.

Mdogo wangu, pokea salamu zangu nyingi. Mimi kaka yako bado nipo. Miguu inauma kwa baridi hii ya Mbozi, lakini meno ninayo yote isipokuwa matatu, na katika rika langu hapa hakuna anayetafuna muhogo mkavu kama mimi. Wewe je, kifua kimepoa? Na shemeji Lea, macho yake yanazidi kupungua au yamesimama hapo hapo? Na mpwa wangu Daudi, mwanao huyu anayekusomea barua, hajambo? Daudi, soma taratibu, usiruke mstari hata ukiona nimekosea herufi. Nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu kalamu. Katika darasa la watu wazima mwalimu alisema mbele ya wote kwamba wazee wote wangekuwa kama mimi, darasa lingefungwa kwa kukosa wajinga.

Kazi ni ile ile, kulinda chumba cha makumbusho. Ndani mna mikuki, nyundo za wahunzi, na mnyororo wa shingo wa enzi za Mjerumani. Wageni wakija ninawaeleza mimi, maana vile vikaratasi vya ukutani aliviandika kijana ambaye hakuona kitu, na mimi niliona.

Sasa habari yenyewe. Mwalimu Ambakisye, anayefundisha shule ya hapa, alipata wazo la mchezo wa kuigiza juu ya mateso ya watu wetu katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, uchezwe uwanjani mbele ya makumbusho siku ya sherehe. Akaja kwangu kuuliza mambo ya zamani. Nikamwambia, "Mwalimu, umefika penyewe. Bila mimi huna mchezo." Akacheka, lakini ni kweli.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikakuta waigizaji wamebeba vichwani matenga ya nyanya. Watu wazima, Raheli! Karani wa duka la ushirika yumo, fundi baiskeli yumo. Nikauliza, "Mnakwenda sokoni?"

"Mzee, si ndio tengatenga?" akasema karani. "Watu wa kubeba matenga."

"Tenga kichwa chako! Tengatenga ni mtu. Ni wewe unakamatwa shambani, unafungwa kamba shingoni na mwenzako, unabebeshwa sanduku la risasi, unatembea mpaka uanguke. Nyanya za nani zilikwenda vitani?"

Wakacheka mpaka fundi baiskeli akakaa chini. Mwalimu akasema matenga yatabaki kwa kuwa masanduku hayapo. Nikagoma siku mbili. Ya tatu nikarudi, nikiona wataharibu zaidi.

Nikawapa mchezo wote. Wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni wakati ule, lakini hadithi umeisikia kwangu maisha yako yote. Jinsi tulivyokamatwa pamoja, kaka yetu Mateyo, mume wa Lea, na mimi. Jinsi Mateyo alivyoshikwa na tumbo njiani akaanguka, askari akauliza, "Huyu ni ndugu wa nani?" Nami nikasimama nikajibu, "Ni wangu," nikambeba mgongoni mpaka mto Songwe, akavuka ng'ambo, akapona, akaenda migodini, na iko siku atarudi. Mwalimu aliposikia alifuta machozi. Karani akachaguliwa kuwa mimi kwa sababu ni mfupi. Fundi baiskeli akawa askari kwa sababu ana buti. Na Mateyo? Nikasema Mateyo ni mimi. Hakuna mwingine anayejua alivyoanguka.

"Mzee, utaumia," Mwalimu akasema.

"Nimeanza kuanguka baba yako hajazaliwa. Niache."

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Walipoona matenga wakaanza, "Nyanya za wapi hizo?" Tukazunguka uwanja mara tatu na kamba shingoni. Nikaanguka. Raheli, nilianguka vizuri. Nilianguka kama yeye, kwanza magoti, kisha bega la kulia, mkono ukabaki umeshika kamba. Vumbi likaniingia puani. Nikasikia buti zinakuja, zikasimama karibu na kichwa changu, fundi baiskeli akapaza sauti, "Huyu ni ndugu wa nani?"

Karani akajibu, "Ni wangu! Huyu ni kaka yangu!"

Watu wakapiga makofi.

Daudi, hapa funga mlango. Kama shemeji Lea yuko karibu, msomee mama yako peke yake kwanza.

Mimi nikiwa pale chini nikasema, "Hapana." Sikupanga. Nikasema, "Hakujibu hivyo. Alijibu simjui."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu akaja pembeni ameinama, ananong'ona, "Mzee, nyamaza, wewe umezimia!"

Nikakaa. Nikasema kwa sauti yangu yote, na sauti ninayo: "Alisema simjui! Askari alisema mwenye ndugu abaki naye, na atakayebaki hapigi hatua nyingine. Yule kijana akamtazama kaka yake, kaka yake macho yako wazi, anamwangalia, naye akasema mtu huyu simjui. Wakakata kamba. Wakaondoka. Kijana huyo ni mimi!"

Karani maskini hakujua afanye nini. Akafanya alichofundishwa. Akaniinua, akanitupa mgongoni, akaanza kukimbia nami kuelekea mtoni, yaani kule walikochora mto kwa chokaa, huku ninampiga mateke. Hapo ndipo watu walipogaagaa kwa kicheko. Mgeni rasmi alisimama kunipigia makofi.

Jioni Mwalimu akaja na chai. "Mzee, yale uliyoongeza mwenyewe ni mazuri mno. Tukicheza tena tutayaweka."

Nikamwambia, "Mwalimu, yale ni kweli."

Akanishika bega. "Ndiyo, mzee. Yalikuwa kama kweli kabisa."

Sasa mji wote unaniita Mzee Simjui. Nikipita sokoni, "Shikamoo, Mzee Simjui!" Nikisimama kuwaeleza, wanacheka upya na kuitana waje wasikie. Kwa hiyo umebaki wewe. Usicheke.

Mateyo hakuvuka mto. Hakwenda migodini. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza, Lea akaniuliza, mdomo ukasema ulichosema, na kesho yake watu walikuwa wameshaanza kunisifu. Nilipenda kusifiwa. Ile barua yake kutoka migodi ya Kopabeti niliyodai nimeisikia ikisomwa Tunduma, haikuwepo. Yule seremala alipotaka kumwoa Lea, ni mimi niliyesimama barazani nikasema mume wake yu hai. Na ulipoandika kwamba siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa Lea aligoma kupanda lori, akisema mumewe akirudi ataikosa nyumba, mpaka wakambeba kwa nguvu, barua hiyo niliisoma mwenyewe, nikaikunja, nikaenda kazini.

Mnadhani nilikuja Vwawa kwa ajili ya kazi. Ni kwa sababu huku ndiko nilikomwacha. Nilidhani nitapaona. Nimetembea pande zote mpaka njia ya kwenda Isongole. Barabara kubwa ya Zambia imekata vilima, wametia lami, na mawe niliyoyakumbuka yamekuwa kokoto. Kwa hiyo Lea akitaka aletwe aone, mwambie hakuna cha kuona. Siwezi hata kumwonyesha upande.

Mwambie wewe, mimi siwezi. Anyoe nywele, amlilie mume wake. Mjukuu wako mmoja apewe jina la Mateyo, lisiendelee kuzurura. Najua amechelewa. Amezeeka akiwa mke wa mtu ambaye hakuumaliza hai hata mwezi ule tuliokamatwa, na hakuna wa kumrudishia miaka hiyo. Simwombi msamaha, maana sioni atautoa wapi. Akinilaani, msimzuie, mwache amalize. Matanga msiyacheleweshe kwa ajili yangu. Mimi siji. Nimesema siji na wewe unanijua.

Nisalimie mpwa wangu Daudi ambaye koo limemkauka. Nisalimie mchungaji, awapangieni siku ya ibada. Nisalimie shangazi yetu mgonjwa kama bado yupo, na mke wa Daudi anayeitunza nyumba, na wajukuu wote niliosikia majina yao tu. Shemeji Lea msimpe salamu zangu.

Ni mimi, ndugu yake Mateyo,

Yoramu Simbeye