Dada wa Kuazima

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimempata. Miaka mitatu namtafuta, kumbe kajileta mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp: Alhamisi natoka Songea kwenda Singida na gari dogo, natafuta mtu wa kuchangia mafuta. Jina, picha, kila kitu. Isidori, fundi wa minara ya simu. Miwani ileile ya kwenye picha ambayo mdogo wangu Leticia aliichana, halafu usiku akaiunga kwa selotepu.

Naandika ili hasira isipoe. Huyu ndiye aliyemvisha mdogo wangu pete ya uchumba, akala wali wetu kule Matogoro, akabadilisha namba mimba ilipojulikana. Leticia akatolewa kwaya. Sauti ya kwanza kigango kizima hakuna wa kumfikia — leo anakaa benchi la nyuma, anafuata wimbo kwa midomo tu. Mimi wakati ule nilikuwa Mbeya. Huyu bwana hajawahi kuniona.

Nimemwandikia kama nafasi bado ipo. Jina nimempa la kipaimara, Zita. Hakuna anayeniita hivyo hata mmoja.

Jumatano, 9 Julai

Ipo nafasi.

Leticia nimemdanganya kwamba nina sherehe ya kusherehesha Singida. Kaamini, mimi ni MC bwana, kila wiki niko kwenye send-off za watu. Nikimwambia ukweli atasema lilelile: dada, mwache, Mungu anamwona. Mungu anamwona, sawa. Mimi nataka na watu wamwone.

Hilo tu ndilo ninalotaka. Si polisi, si matunzo. Aaibike mbele za watu, kama alivyoaibika Leticia.

Daudi, mwanawe Leticia, kang'ang'ania sketi yangu hataki niondoke. Paji la uso la baba yake hilohilo. Tunaliosha kila siku, tunalipaka mafuta.

Alhamisi, 10 Julai. Makambako

Baridi ya huku! Vidole havikunjiki.

Asubuhi kaniamkia, shikamoo dada Zita. Nikaitika marahaba. Kabla hatujafika mbali keshaniambia safari ni ya posa. Anapeleka posa! Binti anaitwa Aurelia, mwalimu. Nikamuuliza, na Songea je, miaka yote ya kazi hukuona msichana? Akasema Songea sikuwa na mtu, dada, ni kazi tu. Alisema hivyo tuko kona za Lukumburu, mkono mmoja kwenye usukani. Nikatazama bonde, nikatamani. Halafu nikakumbuka na mimi nimo humohumo ndani.

Kinachoniudhi, anachekesha. Alimwigiza mjomba wake anavyopiga mnada wa mbuzi, nikacheka mpaka machozi. Nikajifinya paja. Mjinga mimi.

Mjomba mwenyewe, mzee Otto, anakaa hapa Makambako. Ndiye alikuwa mshenga. Tumemkuta kalala chali, mgongo umemkamata, hata kwenda msalani anashikwa. Isidori akakaa kizingitini, kichwa mikononi. Hana mtu mwingine. Mara akaniinulia macho: dada Zita, wewe kusema ndiyo kazi yako, simama kama dada yangu. Mzee Otto naye kule kitandani akaunga mkono — mshenga ni kinywa, si ndevu.

Nikasema, nitakusemea, mdogo wangu. Nitakusemea yote.

Alishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 11 Julai. Dodoma

Iringa tulisimama kununua kanga ya mama mkwe. Kaniachia nichague, eti wanawake ndio mnajua. Nikachagua nyekundu yenye maua makubwa, nzuri kweli, na maneno yake: UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Muuza duka alisoma, akanitazama, akaifunga. Isidori kaipapasa, kasema rangi imetulia. Wanaume hawasomi kanga. Nimefurahi njia nzima.

Mpaka Leticia alipopiga. Nikapokea kwa mkato, lakini Daudi alishampora simu, akapiga kelele mamkubwa leta biskuti. Isidori akauliza ni nani huyo. Mtoto wa mdogo wangu, nikamjibu. Akatabasamu, macho barabarani, akasema ana sauti huyo, ataimba.

Nimetazama mibuyu na vumbi hadi tunaingia mjini. Angekuwa mtu mbaya wazi, mwenye sura mbaya na mdomo mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi. Na hasira imezidi, si kwamba imepungua. Hicho kicheko ndicho kilichomwingiza Leticia mtegoni.

Jumamosi, 12 Julai. Singida

Naandika nimesimama nyuma ya tanki la maji la wakwe. Haraka.

Tumefika mchana. Isidori kabaki kwenye gari nje ya geti, ndiyo desturi, mimi nikaingia. Sebule imejaa: mama yake Aurelia, mashangazi, na baba mkubwa, mzee Rupert, ndiye msemaji wao. Nikasema salamu zote, nikasema tumeona ua kwenye bustani yenu, mambo yote ya kazi yangu. Wakafurahi. Aurelia kaja na jagi na beseni, kapiga magoti, kaninawisha. Karibu wifi. Ni rika la Leticia. Ana kucha fupi zenye chaki.

Kisha nikatoa kanga.

Mama aliikunjua, akasoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti. Mashangazi wakacheka wakidhani utani, wakamwona mwenzao hacheki, wakanyamaza. Mzee Rupert akaweka soda chini. Akaniuliza taratibu: wewe ndiye dada yake, tuambie wewe, kijana wenu ana mtoto mahali?

Mlango wenyewe huo, umefunguliwa wazi! Miaka mitatu naungoja. Na ulimi ukakauka, mimi, MC. Aurelia alikuwa bado ameshika beseni, ananitazama mdomoni.

Nikaomba ruhusa nikashauriane na upande wangu. Wakasema haki yako.

Isidori kashusha kioo, meno yote nje. Wamekubali? Nikamwambia wameuliza kama una mtoto. Hakufikiri hata. Sema sina.

Basi nikamwambia. Siitwi Zita. Mimi Notburga, dada yake Leticia wa Matogoro.

Alishika usukani, na gari limezimwa. Nikangoja. Niliyajua majibu yake yote kabla hajayasema — nilikuwa kijana, niliogopa, kazi ilinihamisha — na kila moja nilikuwa nimeliandalia jibu lake, nimelinoa miaka mitatu. Hakusema hata moja. Aliuliza tu: anaitwa nani?

Nani?

Mtoto.

Hilo sikuwa nimeliandalia kitu. Nikataka kumpiga kibao, nikataka kulia. Nikamwambia, jina utalisikia ndani, pamoja na wakwe zako. Nikamwacha, nikaja hapa kwenye tanki nipate pumzi.

Wananiita. Wifi, wazee wanakungoja.

Mlango wa gari umegonga. Namwona, kavua miwani, anaifuta kwa shati. Simama hapo, namwambia moyoni. Kapita geti. Haendi barabarani, anakuja mlangoni, bwana harusi mtarajiwa anaingia posa yake mwenyewe kwa miguu yake. Kaniona, kapita. Hapana. Hapana! Sikulipanga hivi. Ni mimi wa kumsema, si yeye kujisema na kutoka na sifa ya mkweli.

Kabisha hodi.

Asinitangulie huyu. Na hata akitangulia — huyo mtoto wake atamtajaje kwa jina? Jina ninalo mimi.