Ukurasa wa 41

Da-som uko wapi?? Pokea simu! Haya, basi soma.

Nimetoka kutetea tasnifu yangu ya udaktari sasa hivi. Nimejifungia chooni.

Nilikuwa naenda vizuri tu. Nimewaonyesha watahini jinsi kompyuta inavyokadiria njia bora ya nchi kuwekeza, na jinsi kila kadirio linavyozidi kulikaribia jibu la kweli. Mara Profesa Maeng, yule mtahini aliyetoka Busan, akafunua ukurasa wa 41.

“Hapa umesema mtaji wa nchi una kikomo. Umethibitisha wapi?”

Sikuthibitisha popote! Miaka minne ya utafiti!

“Na kama hauna kikomo, binti, makadirio yako yanakaribia nini?”

Nikasema, “Sijui.” Da-som, nimesema SIJUI mbele ya watahini watano.

Halafu msimamizi wangu, Profesa Tak, mzee asiyewahi kumwomba mtu radhi, akasimama.

“Kosa ni langu. Aliniuliza, nikamwambia aruke hatua hiyo.”

Yeye! Mbele ya wenzake!

Sijui nguvu nilizitoa wapi, nikashika chaki. Nikaandika kwamba mashine, ambazo ndizo mtaji wenyewe, huchakaa. Mtaji ukizidi sana, uchakavu unakula zaidi kuliko uzalishaji unavyoongeza, kwa hiyo lazima mtaji upungue. Kikomo kipo! Mistari sita tu.

Maeng akaisoma mara mbili. “Iingize kwenye tasnifu,” akasema, “halafu nenda kanywe maji, Daktari Pyo.”

Kaniita daktari.

Na Profesa Tak yuko nje kwenye korido ananisubiri, nami sijui nimtazame vipi usoni.